Pongezi za Alhamisi

Mama huweka nyuzi zake katika kopo la biskuti. Nina hakika hata kwenu lipo: la bati, la duara, lina picha ya nyumba na theluji kwenye kifuniko, na ukilifungua kwa tamaa unakuta sindano, vifungo na futi ya kupimia. La kwetu lilitoka Dubai. Juzi nilikuwa natafuta uzi wa kijani wa kushonea sare za shule, nikalifungua, na kabla sijauona uzi nikasikia harufu ya siagi. Mama alisema pua yangu inanidanganya, kwamba kopo hilo halijaona biskuti miaka na miaka. Huenda ni kweli. Lakini niliketi pale kando ya cherehani, uzi sijautoa, nikawakumbuka wanawake wawili wa Kizungu waliokaa ukuta kwa ukuta kule Al Warqa, na jinsi nilivyoamini kwamba Wazungu wote ni kabila moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa AC, ametangulia miaka miwili, kisha akatuita Mama na mimi tumfuate kutoka Mwatate. Tulikaa Rashidiya, karibu na mwisho wa njia ya metro, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba vya watu wengi. Ndege zilipita juu yetu karibu sana hivi kwamba sufuria zilitikisika, na siku za kwanza nilikuwa nainama. Jiko lilikuwa la wote. Aliyekuwa akipika kando yetu ni Anti Prossy, Mganda aliyesafisha vyumba hotelini, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ya kubembeleza. Yeye akimsalimia mtu mzima alipiga goti kidogo, hata akiwa ameshika mwiko. Alituambia sisi Wakenya tunasalimiana kama askari anayeulizia kitambulisho. Mama alimjibu kwamba Waganda nao husalimiana mpaka uji unaungua.

Shule ilikuwa ndiyo shida. Baba alizunguka, akapata moja iliyosema ina nafasi, lakini kwa mtoto atakayeweza kusoma Kiingereza kwa sauti na kukiandika mbele ya mwalimu mkuu. Mimi Kiingereza nilikielewa kiasi. Kukisema ndiko kulikonishinda, maana hata Kitaita na Kiswahili nilivisema mbele ya Mama peke yake. Mtu akiniuliza jina nilitazama vidole vya miguu. Tukapewa miezi miwili ya kujitayarisha. Baba hakunificha kitu. Alisema shangazi yangu, aliyekuwa akifanya kazi Sharjah, atarudi nyumbani likizo baada ya Mwaka Mpya. Nikishindwa mtihani nitasafiri naye nikaishi na Nyanya Mwatate, nisome huko, maana mtoto hawezi kukaa ndani ya chumba akitazama ukuta. "Tukishindwa, khalas, unarudi," alisema, na akanishika kichwa. Hakuwa mkali. Lakini mimi nilikuwa nimeshaishi miaka miwili bila Baba, na sasa niliona zamu ya kuishi bila Mama inakuja.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba mbili, na kwa kuwa sikuwa na shule, alinibeba. Asubuhi alikuwa kwa madam Mholanzi, mchana kwa bibi Mjerumani. Nyumba zilifanana kama mapacha: rangi ya mchanga, geti jeusi, mti wa bougainvillea kila upande wa ukuta. Mama aliniambia siku ya kwanza tukiwa kwenye basi, "Wazungu ni Wazungu. Vua viatu, sema asante, usiguse kitu." Nilishika mafunzo hayo matatu na nikadhani yanatosha.

Madam Mholanzi aliitwa Hanneke. Alikuwa mrefu kama mlango, anavaa kaptura, na jambo la kwanza alilofanya ni kutukataza kumwita madam. Alitaka tumwite Hanneke, basi. Mama alikuwa amelelewa kwamba mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa mtoto wake, kwa hiyo alijaribu "Mama Daan", kwa sababu mwanawe wa miaka sita aliitwa Daan. Hanneke alicheka akasema yeye si mama wa Mama. Tangu siku ile Mama akawa hamwiti kwa jina lolote. Akitaka kumwambia kitu alimtafuta nyumba nzima mpaka amwone uso kwa uso, ndipo aseme.

Kwa Hanneke mapazia hayakufungwa. Mtu akipita barabarani angeona familia nzima mezani, na wao hawakujali. Mchana walikula mkate wa baridi, na Daan juu ya mkate wake alinyunyizia vipande vya chokoleti, nikajua hawa ni watu walioishiwa gesi ya kupikia. Saa nne asubuhi Hanneke alikaa na Mama kunywa kahawa, meza moja, viti sawa, jambo ambalo Mama hakuwa ameliona kwa mwajiri yeyote. Alileta kopo. Alilifungua, akalipitisha, kila mtu akachukua biskuti moja. Kisha akalifunga. Nilisikia ule mlio wa kifuniko kikibana, na nikabaki na biskuti yangu mkononi nikingoja kuelewa. Nyumbani mgeni akiwekewa sahani, sahani inakaa mbele yake mpaka aione aibu mwenyewe. Hapa kopo lilirudi kabatini. Nikamhurumia sana Hanneke. Nilimwambia Mama tukiwa njiani kwamba nyumba ni kubwa lakini pengine ndani hali ni mbaya.

Na alisema kila kitu. Alimwambia Mama, huku anatabasamu, kwamba shati hili limepigwa pasi vibaya. Siku nyingine Mama alibaki mpaka jioni kwa sababu ya dirisha lililovunjika, nami nikacheza na Daan, na saa kumi na mbili juu ya alama Hanneke akatoka jikoni akaniambia, "Wakesho, sisi sasa tunakula. Wewe nenda ukamngoje mama yako bustanini. Kesho utacheza tena." Harufu ya nyama ilikuwa imeshafika mpaka kwenye ngazi. Nilikaa nje nikijichunguza nimefanya dhambi gani. Kwetu mgeni hafukuzwi chakula kikiwa jikoni. Hata adui hungojewa anawe mikono. Mama aliponiona aliniambia nisimseme mtu vibaya. Baadaye, akiwa amezoea jiko lile, ndipo alipogundua kwamba Hanneke alipika viazi kwa kuhesabu vichwa: watu watatu, viazi sita. Ningekaa mezani, mmoja wao angelala na njaa. Nikafurahi kwamba nilitoka.

Upande wa pili wa ukuta alikaa bibi Mjerumani. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, anaishi na mwanawe mhandisi wa ndege ambaye mara nyingi alikuwa safarini. Yeye hakutuambia jina lake la kwanza, na mwaka mzima sikulijua. Alikuwa Frau Lindner, yaani Bi Lindner kwa lugha yao. Alisimama mlangoni siku ya kwanza, akanyoosha mkono, akamwuliza Mama jina la ukoo wa mumewe, na tangu hapo akamwita Bi Mwakio. Hakuna aliyemwita Mama hivyo Dubai nzima. Kwa wengine alikuwa Agnes, au "wewe", au kidole kinachopungwa. Kila Frau Lindner alipotamka lile jina kwa ulimi wake mgumu, Mama alinyoosha mgongo. Mimi pia alinipa mkono, nami nikautazama kama mtu aliyepewa samaki hai.

Nyumba yake ilikuwa kimya. Saa saba hadi saa tisa hakuna kitu kilichoruhusiwa kulia, hata mashine ya kufulia. Takataka zake zilikuwa na ndoo nne, na Mama akikosea ndoo, bibi yule hakusema neno. Aliikunja sketi, akainama, akakihamisha kile kitu mwenyewe, jambo lililomuuma Mama kuliko kuambiwa. Kila siku alifungua madirisha yote dakika tano, hata kwenye joto la kuchoma nywele, hewa ibadilike, huku AC inaunguruma bure. Baba aliposikia hilo alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema mwaka mzima anapanda juu ya mapaa ya watu kwa sababu ya vitu kama hivyo.

Mimi nilimwogopa. Hanneke alisema kila kitu, kwa hiyo hata akisema vibaya nilijua pa kusimama. Frau Lindner hakusema, na uso wake ulikuwa umetulia kama daftari jipya. Nilikata shauri kwamba hatupendi. Kisha siku moja alinikuta nimekaa chini ya meza ya pasi na kitabu changu cha mtihani, nasoma kwa kuchezesha midomo bila sauti. Aliondoka. Akarudi na kiti kidogo, penseli tatu zilizochongwa, akamwambia Mama, si mimi, kwamba mtoto huyu atasoma kila siku saa tisa kamili mpaka saa kumi. Hakuuliza kama tunataka. Mama alianza kueleza kwamba hatuna cha kumlipa na Frau Lindner akamtazama kana kwamba amezungumza matusi.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Alikaa mwisho wa sebule, mbali, nami nikasimama kwenye dirisha nikasoma. Nikinong'ona hakunigombeza, alisubiri tu. Angeweza kusubiri dakika kumi, mikono mapajani, mpaka ukimya wenyewe unitishe kuliko sauti yangu. Nikikosea alisema, "Tena." Nikipatia alisema, "Endelea." Hizo ndizo zilikuwa sifa zake zote. Hanneke naye siku moja alinisikia kupitia dirisha, akaingia, akasema nasoma vizuri sana lakini nasoma kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Frau Lindner alimwangalia mpaka akatoka. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba hawa wawili, ingawa nywele zao ni za rangi moja na nchi zao zimegusana, kila mmoja alimwona mwenzake kuwa kituko.

Sasa nije kwenye siku zenyewe.

Hanneke alikuwa na kalenda chooni. Si ya mwaka. Ilikuwa ya siku za kuzaliwa, imetundikwa mbele ya mtu aliyeketi, majina ya jamaa na majirani yameandikwa kwa wino, mwaka baada ya mwaka. Na yeye alipofikisha siku yake mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya haya ninayosimulia, nilijifunza kwao inavyofanywa. Viti vilipangwa duara. Kila aliyeingia alizunguka akiwapa watu wote mkono, na akawapongeza wote, si Hanneke peke yake: mume alipongezwa, Daan alipongezwa. Bwana mmoja akaja mpaka kwa Mama aliyekuwa amebeba sinia, akamshika mkono akasema hongera kwa Hanneke. Mama akasema asante. Jikoni alinivuta kando akaniuliza kwa Kiswahili tumeshinda nini. Kila mtu alipata kipande kimoja cha keki, na sisi vilevile, sawa na wenye nyumba. Nilipenda mno. Nikaweka akilini kwamba Wazungu ukitaka kuwafurahisha, wape pongezi, nyingi, bila kubagua.

Basi nilipoona chooni kwamba siku ya Frau Lindner imekaribia, nilimwambia Mama. Siku yenyewe iliangukia Ijumaa, na Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu kule, siku ya kanisa na mapumziko. Tusingekuwa Al Warqa. Jumamosi ingekuwa imepita. Na Jumapili ilikuwa siku ya mtihani wangu. Mama alisema afadhali tumpongeze Alhamisi kuliko tusimpongeze kabisa. Ukitazama kwa macho ya kwetu, mtu anayekukumbuka mapema amekupenda zaidi. Alikaanga mahamri ya iliki, akayafunga katika kitambaa cheupe. Mimi nilitengeneza kadi kwa siku tatu, nikaichora bougainvillea, nikaandika kwa mwandiko ule alionifundisha yeye.

Alhamisi saa tisa kamili nilisimama mlangoni mwake, Mama nyuma yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye basi. Frau Lindner alipofungua, mimi, ambaye sikuwahi kumwanza mtu mzima kwa neno, nilisema kwa sauti nzima kwamba nampa hongera za siku yake ya kuzaliwa, kisha nikampongeza Mama pia, kama kwa Hanneke.

Uso wake ulibadilika. Sikuwa nimewahi kuuona ukibadilika. Aliinua kiganja mbele yangu, kama mtu anayezuia gari. "Hapana," alisema. "Leo hapana." Nilidhani hajanisikia vizuri, nikamnyooshea kadi. Hakuipokea. Alirudi hatua moja nyuma, akaangalia yale mahamri kana kwamba yanatoa moshi, akamwambia Mama, "Bi Mwakio, leo hatutasoma. Tafadhali nendeni nyumbani." Akafunga mlango, taratibu.

Tulibaki pale. Kwenye kichwa changu kila kitu kilikuwa wazi: amekataa chakula cha mikono yetu, amekataa maandishi yangu, masomo yamekwisha, mtihani nitashindwa, shangazi ana kiti kando yake kwenye ndege. Sikulia kwa sauti. Nilikuwa nalia kama nilivyosoma zamani, midomo tu. Mama alinishika bega tukatoka getini, naye alikuwa anahesabu kazi yake kuwa imekwisha.

Hanneke alikuwa anaosha baiskeli ya Daan nje. Alituona, akaacha mpira wa maji ukimwagika, akauliza kuna nini. Mama angesema hakuna kitu, ndivyo tunavyosema. Lakini Hanneke alishaona kadi, akaichukua mkononi mwangu, akaisoma, akaangalia tarehe kwenye simu yake, akapiga paji lake la uso.

"Umekosea," aliniambia. "Ni kosa dogo, lakini umekosea. Wajerumani hawapongezwi kabla ya siku. Wanaona unamletea mtu mkosi. Kesho urudi umwambie tena."

Mama akamwuliza mbona yeye Hanneke, juma lile lile, alikuwa amempongeza Mama mapema kwa siku ya kuzaliwa ya Baba. Hanneke akasema hayo ni ya Uholanzi. Akaongeza kwamba kutoka kijijini kwao mpaka kwa Wajerumani ni mwendo wa baiskeli, na hajawaelewa mpaka leo. Na kwamba Frau Lindner bado hajamsamehe kwa kumwita kwa jina lake la kwanza siku waliyohamia. Mama, machozi hayajakauka, akasema ndivyo sisi Wataita tulivyo na majirani zetu Wakamba. Hanneke hakujua Wakamba ni nani lakini alicheka, na Mama akacheka, na mimi katikati yao nikawa sioni cha kuchekesha. Nilichosikia ni neno moja tu: kesho. Kesho nirudi mlango ule.

Nyumbani nilisema siendi. Nilisema tumbo linaniuma. Baba alisikiliza hadithi nzima, akauliza kama ni yule bibi wa madirisha, akasema basi hashangai. Anti Prossy alikula mahamri yaliyokataliwa, manne, na chai, akasema Mungu awabariki Wajerumani. Kisha akanivuta karibu akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alimpigia goti meneja Mkenya hotelini, na yule Mkenya akaruka akidhani ameanguka, akaita watu wa huduma ya kwanza. "Ningekimbia siku ile ningekuwa kwetu Masaka saa hii," alisema. "Nilirudi kesho yake. Nikasimama wima. Nikasema habari ya asubuhi kama nyinyi mnavyosema, bila huruma."

Asubuhi ya Ijumaa Mama aliamka kabla ya adhana akakaanga mahamri mapya, maana hangempelekea mtu yaliyolala. Kanisani sikusikia mahubiri. Niliomba mambo mawili: bibi yule asife siku ile kwa sababu yangu, na basi la Al Warqa lisipatikane. Basi lilipatikana. Njiani nilimwambia Mama aseme yeye. 

"Siwezi kukusemea," alisema. "Jumapili pia siwezi kuingia na wewe kule ndani."

Frau Lindner alifungua mlango akiwa amevaa nguo ya bluu iliyokoza na mkufu. Nyuma yake meza imewekwa vikombe, na keki aliyoioka mwenyewe. Hakukuwa na mtu. Mwanawe alikuwa safarini. Alitutazama, na mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu vya kanisa. Yeye akasubiri. Ilikuwa ile ile subira yake ya sebuleni, bila haraka na bila msaada. Nikainua kichwa. Nikasema hongera za leo, kwa kuwa leo ndiyo siku yake. Sauti ilitoka. Haikuwa kubwa, lakini ilimfikia.

Alichukua kadi kwa mikono miwili. Aliisoma pale pale mlangoni, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena. Kisha akanipa mkono, na safari hii sikuuachia upesi.

"Jana hukunikosea adabu," alisema. "Uliniogopesha. Mume wangu alikufa akiwa amebakisha siku tatu atimize sabini. Keki ilikuwa imeshaokwa. Leo mimi ni sabini, na nimefika."

Miaka tisa ni michache kuelewa hilo lote. Nilichoelewa ni kwamba mtu mzima, mwalimu, mwenye penseli zilizochongwa, alikuwa ameogopa kama ninavyoogopa mimi, na alikuwa ameniambia mimi. Sikuwa nimejua watu wazima huogopa siku. Nilifikiri wanaogopa polisi tu, na mabosi.

Hanneke aliingia bila kubisha, akampongeza Frau Lindner, akampongeza Mama, akanipongeza mimi, akampigia simu mhandisi ili ampongeze naye. Frau Lindner alimwuliza, kwa Kiingereza ili tusikie, ni watu wangapi hasa waliozaliwa leo. Hanneke alionja keki akasema ni kavu kidogo. Frau Lindner akamkatia kipande cha pili, kikubwa zaidi. Mahamri yaliisha yote, na hakuna aliyehesabu. Mwenye nyumba alikula matatu, kwa kisu na uma.

Nilidhani tumemaliza. Lakini vikombe vilipoondolewa, Frau Lindner alipangusa meza, akaniletea kitabu, akatoka nje mpaka bustanini, akafunga mlango wa kioo nusu, akakaa kwenye kiti chini ya bougainvillea katika nguo yake ya sherehe. Akaniashiria nianze. Hanneke alimwuliza kama ana wazimu, kufundisha siku ya kuzaliwa kwake. Alijibu kwamba mtihani ni Jumapili, na mtihani haujui kuzaliwa. Nilisoma kurasa tatu. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi, hakupangusa chochote.

Nimesoma hadi darasa la nane tu, na mambo mengi ya Ulaya siyajui. Hata leo nikiulizwa nitaje tofauti ya watu wale wawili nitasema yale machache niliyoyaona: mmoja alinipa biskuti moja na ukweli wote, mwingine hakunipa neno la sifa hata moja, akanipa saa moja ya kila siku. Mmoja alimkalisha Mama mezani, mwingine akamwita kwa jina lake kamili. Kila mmoja aliona njia yake ndiyo heshima, na kila mmoja, kwa njia hiyo hiyo, alitushika tusianguke. Ningekuwa na mmoja wao tu, sijui. Asingekuwepo Hanneke wa kuniambia usoni kwamba nimekosea, nisingerudi. Na bila Frau Lindner nisingekuwa na pa kurudi.

Jumapili Mama alinipeleka shuleni, akaambiwa asubiri getini. Ndani mlikuwa na mwalimu mkuu, mwanamke wa Kihindi mwenye miwani shingoni, na mwalimu mwingine anayeandika. Nilipewa karatasi. Yule aliyeandika alianza kuniambia niongeze sauti, nami nikaipandisha kabla hajamaliza, akaendelea kuandika. Nilisoma mpaka chini. Nikaandika aya mbili, polepole, na walipotaka kuichukua karatasi niliomba dakika moja niongeze nukta. Mwalimu mkuu alisoma, akamwita mtu anipime urefu kwa ajili ya sare.

Nilipotoka, Mama alikuwa bado getini. Alinitazama usoni mara moja, akatoa simu, akaipiga, akasubiri ilie, kisha akanipa mimi. Nikasema hapana kwa kichwa. Akanishikisha. Upande wa pili Baba alikuwa juu ya paa mahali fulani, nasikia upepo na chuma kikigongwa.

"Baba," nilisema. "Nimepita. Nabaki."

Kile chuma kilinyamaza. 

"Haya," alisema Baba. "Ngoja nimpigie shangazi yako. Atasafiri peke yake."